Mathree Zilianza Kama Kosa: Kwa Nini Soko Huru Si Story ya Masonko Pekee

Ukiskia mtu akitaja "soko huru," pengine unaona sonko fulani wa Karen akihesabu doh. Wachana na yeye kwanza. Kama unataka kuelewa hii maneno poa, angalia nganya inayokupeleka Rongai jioni.

Kuna enzi ambapo kubeba abiria na mathree Nairobi ilikuwa ni kuvunja sheria. Kampuni ya Kenya Bus Services ilikuwa inapiga kazi hapa mjini tangu 1934, wakati wa mkoloni. Uhuru ukaja, lakini hiyo haikubadilika. Kanjo iliipa haki ya kubeba watu jijini peke yake, na yenyewe ikachukua hisa kwa hiyo kampuni. Yaani refa ako na jezi ya timu moja.

Shida ni kwamba mitaa ilikuwa inakua mbio kuliko mabasi. Watu wanatoka ocha kutafuta job, wanapanga nyumba pembeni mwa mji, na basi ama haifiki huko ama inafika ikiwa imejaa. Msee mwenye pickup kuukuu akaona mwanya. Akaanza kubeba watu kwa sarafu tatu za senti kumi, na hapo ndipo jina "matatu" lilitoka.

Sasa jiulize, huyu jamaa amekosea nani? Abiria amepanda kwa hiari yake, amelipa bei waliyoelewana, amefika kazini. Lakini karao akimsimamisha, ni yeye ako na makosa, kwa sababu hana leseni ambayo hata angeomba hangepewa.

Watu wengi hutetea soko huru kwa hesabu tu: ati bei itashuka, uchumi utakua. Sawa, mara nyingi ni kweli. Lakini mimi naona hiyo ni sababu ya pili. Ya kwanza ni kwamba mikono yako ni yako. Mtu akikuzuia kuuza jasho lako kwa mtu anayelitaka, na hakuna mwenye unaumiza, yeye ndiye anafaa kujieleza, si wewe. Adam Smith, yule Mskoti, alilalamikia kitu kama hicho mwaka wa 1776. Uingereza ya wakati huo, kwa kazi nyingi, fundi alikuwa anafungiwa nje mpaka amalize miaka saba ya kufunzwa chini ya bwana wake, hata kama kazi anaijua. Na wenye walikuwa wanafurahia hiyo sheria ni mafundi waliokuwa tayari ndani.

Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba matatu zibebe watu bila zile leseni. Usidhani ilikuwa huruma tupu, wanasiasa huwa na hesabu zao. Lakini mlango ulifunguka, na wenye waliingia hawakuwa watoto wa mawaziri pekee. Kulikuwa na madere, makanga, makanika wa jua kali, mafundi wa bodi, na baadaye wasanii wa grafiti. Hata Sheng yenyewe ina deni kubwa kwa mlango wa mathree.

Najua mwenye atasema: na ajali je? Fair. Zile sheria za Michuki za 2004, mikanda na vidhibiti mwendo, zilikuwa na maana. Abiria alikubali kulipa fea, hakukubali kuuawa. Kuzuia gari bovu lisiue watu ni kulinda yale makubaliano. Na wale majamaa wa steji wanaoitisha pesa kwa nguvu kila gari likijaa? Hiyo si soko huru hata kidogo, hiyo ni wizi ukiwa na ratiba.

Lakini kuna sheria ya aina nyingine, na hiyo ndiyo ya kuangalia vizuri. Kanuni za 2014 zilisema mwenye matatu lazima awe ndani ya sacco ama kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Sababu waliyonayo inaeleweka: kukiharibika, kuwe na mtu wa kuulizwa. Sacco nyingine pia zimesaidia watu wao kununua magari. Lakini fikiria dere ambaye ameendesha gari ya mtu kwa miaka, akasave polepole, hatimaye akanunua moja yake. Gari ni safi, imekaguliwa, leseni ya kuendesha anayo, na abiria wako steji wananyeshewa. Bado lazima kwanza apige hodi kwa sacco ya route hiyo, alipe ada ya kuingia, na jibu la ndio ama la litoke kwa watu ambao kesho watakuwa wanang'ang'ania abiria na yeye.