Je, Wajua? Ukimpita Farasi Barabarani
Nchini Uingereza, dereva anayempita farasi huelekezwa asizidi kilomita 16 kwa saa na aache nafasi ya angalau mita 2. Maelekezo hayo yaliingia katika mwongozo wa barabara mwaka 2022, baada ya kupiganiwa kwa miaka na British Horse Society, shirika la hisani lililoundwa mwaka 1947. Na shirika hilo lina haki kabisa! Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Akishtuka, hukimbia kwanza. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja. Honi moja ya ghafla yaweza kumwangusha aliyempanda. Shirika hilo pia hukusanya taarifa za ajali za farasi barabarani, na hutetea njia za kale za farasi mashambani.