Cheti cha Msaidizi wa Muuguzi bila Kupitia Darasani

Ndugu zetu wengi waliohamia Marekani kutoka Kenya, Tanzania na Kongo hupata riziki zao katika nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa. Huwalisha wasioweza kujilisha, huwaogesha, na kuwageuza kitandani. Kazi hii ni ya heshima, nayo yataka cheti. Basi wapo waulizao: Je, mtu aliyekwisha kuuguza miaka mingi hana budi kuanza tena darasani?

Jibu ni kwa kadiri ya jimbo akaalo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 iliagiza kwamba msaidizi wa muuguzi afundishwe kwa saa zisizopungua 75, na katika hizo 16 ziwe za kutenda kwa mikono chini ya msimamizi. Kisha afanye mtihani, na jina lake litiwe katika daftari la jimbo. Lakini majimbo kadha wa kadha yamefungua mlango wa pili kwa wenye ujuzi, kama wanafunzi wa uuguzi waliokwisha pata masomo ya mwanzo, na askari waliotumika katika matibabu. Florida imepanua mlango huo zaidi: aliyetimiza miaka 18, au mwenye cheti cha sekondari, aweza kwenda mtihanini bila kupitia mafunzo, maadamu akichunguzwa asionekane na hatia ya kumzuia.

Walakini mtu asidhani kwamba njia hii ni nyepesi. Mtihani una sehemu mbili: maswali, kisha matendo mbele ya mtahini. Hapo katika matendo ndipo mazoea ya nyumbani yawezapo kumponza mtu. Mfikirie mama aliyemwuguza mkwewe aliyepooza upande mmoja. Huruma anayo, na nguvu anazo. Lakini mtahini hutazama mambo mengine: Je, amenawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa? Amemwambia atakalomtendea? Amevuta pazia ili kumsitiri? Amevika kwanza mkono ulio dhaifu? Amefunga magurudumu ya kiti kabla ya kumhamisha? Alipomaliza, ameacha kengele mahali mgonjwa awezapo kuifikia?

Mambo haya si ya kujionyesha. Mkono dhaifu hauwezi kujikunja, kwa hiyo huingizwa kwanza, nguo ingali inalegea. Kiti kisichofungwa huteleza, naye mzee akianguka aweza kuvunjika mfupa wa nyonga asisimame tena.

Basi wewe utakaye kupita mlango huu, kwanza waulize wenye mamlaka wa jimbo lako kama waruhusiwa. Kisha tafuta orodha ya matendo yatahiniwayo. Mlaze ndugu yako kitandani, mwingine akusomee hatua moja moja, nawe uzitende kwa mikono mpaka uzizoee. Kuzisoma tu hakutoshi. Huko Florida, aliyeshindwa mara 3 hana ruhusa ya kurudi mtihanini mpaka apitie mafunzo.

Wala kujifunza darasani si aibu. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za matibabu za serikali, ikiwa imekwisha kukuajiri kabla hujaanza mafunzo, sheria haiiruhusu kukutoza ada yake. Lakini jihadhari na mtu akuuziaye cheti pasipo mtihani: mwajiri hutazama daftari la jimbo, na jina lako lisipokuwamo, karatasi ile haina kazi.

Wahenga walisema, ujuzi hauzeeki. Lakini mkono usiotumika hupoteza wepesi wake. Kwa hiyo sheria yasema kwamba msaidizi akikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi ya uuguzi kwa malipo, hana budi kufundishwa au kutahiniwa upya. Tusiione kuwa ni ukali. Yule mzee kitandani hawezi kujikinga na mikono isiyojua kazi. Sheria ndiyo imkingayo.