Nilichojifunza chuoni, mama alikilipia mpakani

Mwaka wa pili nikisomea biashara na siasa za kimataifa, mhadhiri alitueleza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Mzigo wa hadi dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hauozwi ushuru wa forodha. Cheti hugongwa muhuri mpakani hapo hapo.

Kalamu ilinidondoka. Mama amevusha vitunguu Namanga miaka mingi, kila safari akimpa wakala pesa ya "ushuru". Ada yangu ilitoka kwenye kilichobaki.

Jioni nilimpigia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hao walimu wenu, mwanangu, mbona hawaji huku sokoni?"

Safari iliyofuata aliomba cheti mwenyewe. Kibali cha afya ya mimea bado anakihitaji. Hilo alilijua kabla yangu.