Programu ya bure nayo ina tarehe ya mwisho

MKULIMA anayenunua dawa ya mimea dukani huigeuza chupa kwanza, aone tarehe ya mwisho ya kutumika. Mwenye duka anayepokea katoni za maziwa hufanya hivyo hivyo. Lakini watu hao hao wanaponunua kompyuta ya kutunzia hesabu, ni wachache wanaouliza mfumo endeshi uliomo ndani yake utahudumiwa hadi lini.

Swali hilo limepata uzito tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11, hivyo baadhi ya wenye nazo wamegeukia mifumo huria ya Linux, ambayo hupatikana bila kulipia leseni.

Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri kwa mwenye mtaji mdogo. Hata hivyo, bure haina maana ya milele. Mifumo huria nayo ina ratiba ya kutolewa na tarehe ya kuisha huduma, na anayeichagua bila kuiangalia ratiba hiyo anaweza kujikuta palepale alipotoka.

Kinachoisha ni nini?

Mfumo endeshi hauozi kama nyanya. Siku baada ya huduma kuisha, kompyuta itawaka asubuhi kama kawaida na hesabu zitafunguka. Kinachokoma ni matengenezo.

Wataalamu hugundua kasoro za usalama katika programu mara kwa mara. Kasoro ikitangazwa, watengenezaji hutoa kiraka cha kuiziba, na kompyuta hukipokea kupitia intaneti. Tatizo ni kwamba wezi nao husoma tangazo hilo. Ambaye mfumo wake umeisha muda anabaki na mlango wazi ambao kila mwizi ameshaelekezwa ulipo.

Mfano unaokumbukwa ni wa Mei 2017, wakati virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili katika kompyuta za nchi nyingi duniani na kudai malipo ili yafunguliwe. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi mwaka huo kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Waliobaki hatarini ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale waliokuwa wakitumia mifumo iliyokwisha muda.

Kalenda ya Ubuntu

Katika mifumo huria, unaojulikana zaidi kwa watumiaji wa kawaida ni Ubuntu. Ulianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mfanyabiashara wa Afrika Kusini, kupitia kampuni yake ya Canonical. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Toleo la kwanza, lililopewa jina la utani la ngiri, lilitoka Oktoba 2004 likiwa na namba 4.10.

Namba hiyo ndiyo kalenda yenyewe. Tarakimu ya kwanza ni mwaka na zinazofuata ni mwezi: 4.10 ni Oktoba 2004, na 24.04 ni Aprili 2024. Kila baada ya miezi 6, Aprili na Oktoba, hutoka toleo jipya. Kila baada ya miaka miwili, Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, hutoka toleo la huduma ya muda mrefu, ambalo hutambulishwa kwa herufi LTS.

Hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kuwa makini. Toleo la LTS huhudumiwa kwa miaka 5. Matoleo ya katikati huhudumiwa kwa miezi 9 tu. Kwa mfano, toleo la 23.10 lilitoka Oktoba 2023 na huduma yake ikaisha Julai 2024. Mwenye duka aliyeliweka kwa sababu lilikuwa jipya kuliko 22.04 alipata miezi 9, wakati jirani yake aliyeweka lile la 22.04 anahudumiwa hadi mwaka 2027. Kwa hiyo, katika biashara hii, jipya zaidi si lazima liwe lenye maisha marefu zaidi.

Utaratibu wa LTS ulianza na toleo la 6.06 mwaka 2006. Toleo hilo lilipangwa kutoka Aprili, lakini likasogezwa kwa wiki 6 hadi Juni 1 ili lisafishwe zaidi, kwa kuwa lingekaa mikononi mwa watu kwa miaka mingi. Wakati huo huduma ilikuwa miaka 3 kwa kompyuta za mezani na 5 kwa seva. Kuanzia toleo la 12.04 la mwaka 2012, zote zikapewa miaka 5.

Zamani toleo zima lilienea kwenye CD moja, na kati ya mwaka 2005 na 2011 Canonical ilikuwa ikimtumia kwa posta CD za bure yeyote aliyeomba, popote alipo. Leo faili la toleo la 24.04 la kompyuta ya mezani linazidi GB 5. Kwa anayelipia intaneti kwa kifurushi, hiyo nayo ni gharama ya kuingiza katika hesabu.

Kiraka bila kubadili toleo

Wengi hudhani kuhudumiwa maana yake ni kuletewa programu mpya kila mara. Katika toleo la LTS, kazi kubwa hufanyika kinyume cha hapo. Kasoro ikipatikana katika programu fulani, wataalamu kwa kawaida huchukua ile sehemu ndogo ya marekebisho na kuipachika kwenye programu ya zamani iliyomo, wakiacha mengine yote kama yalivyo.

Faida yake ni kwamba mashine haibadiliki tabia katikati ya msimu. Printa iliyokuwa ikichapa stakabadhi jana itachapa na leo. Kabla ya kutolewa, toleo lenyewe hupitia hatua za kufunga milango: kwanza mambo mapya huzuiwa, kisha muonekano huzuiwa kubadilika, kisha hutolewa toleo la majaribio, na mwishowe huruhusiwa marekebisho ya kasoro pekee.

Hatua hizo zilipimwa mwaka 2024. Machi 29 mwaka huo, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba programu ndogo huria ya kubana mafaili, iitwayo xz, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri. Aliligundua jambo hilo baada ya kuona kwamba kuingia kwenye mashine fulani kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Aliyeupandikiza alikuwa mtu aliyetumia jina la Jia Tan, ambaye kwa muda mrefu alijifanya mchangiaji mwema hadi akaaminiwa.

Mlango huo ulikuwa umeingia katika matoleo mapya kabisa ya xz, yaani 5.6.0 na 5.6.1. Matoleo ya Ubuntu na Debian ambayo yalikuwa tayari mikononi mwa watu hayakuguswa, kwa sababu yalikuwa bado yanatumia xz ya zamani. Ubuntu 24.04 ilikuwa jikoni. Canonical iliamua kuzijenga upya programu zilizotengenezwa katika kipindi hicho, na toleo la majaribio likasogezwa kwa wiki moja, kutoka Aprili 4 hadi 11. Pamoja na hayo, toleo kamili lilitoka Aprili 25, siku iliyopangwa.

Miezi michache baadaye hali ilikuwa tofauti. Toleo la marekebisho la 24.04.1, ambalo hutumika kufungua njia kwa wanaotoka LTS iliyotangulia, lilipangwa kutoka Agosti 15 lakini likacheleweshwa hadi Agosti 29 kwa sababu ya kasoro zilizohusu watu wanaohama kutoka 22.04. Hii inaonyesha kwamba hata watengenezaji wenyewe huona kuhama ndiyo hatua yenye hatari, na mtumiaji hapaswi kuifanya kwa pupa.

Ahadi inategemea mtoaji

Tarehe iliyochapishwa ni ahadi, na ahadi ina thamani kulingana na aliyeitoa. Watumiaji wa CentOS walilijua hilo kwa uchungu. CentOS ulikuwa mfumo wa bure uliotengenezwa kutokana na ule wa kulipia wa kampuni ya Red Hat, na ulitumika sana kwenye seva. Toleo la 8 lilitarajiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba huduma yake ingeisha Desemba 31, 2021.

Waliowahi kuhamia toleo la 8 wakiamini wamejihakikishia miaka mingi walibakiwa na takriban mwaka mmoja tu. Waliobaki nyuma kwenye toleo la 7 waliendelea kuhudumiwa hadi Juni 30, 2024. Kwa kuwa msimbo wa programu huria uko wazi kwa kila mtu, wengine waliuchukua na kuanzisha mifumo mbadala ya AlmaLinux na Rocky Linux mwaka 2021. Hiyo ndiyo nguvu ya programu huria: mwenye mradi akiondoka, kazi haifi naye. Lakini kuhama kulibaki kuwa mzigo wa mtumiaji.

Debian, mfumo ambao Ubuntu umejengwa juu yake, huendeshwa na watu wa kujitolea na haumilikiwi na kampuni yoyote. Desturi yake ni kutoa toleo linapokuwa tayari. Desturi hiyo iliwahi kuwaweka watu wakisubiri: toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002 na la 3.1 likaja Juni 2005. Siku hizi hutoka kila baada ya miaka miwili hivi. La 12 lilitoka Juni 2023 na la 13 Agosti 2025. Kila moja huhudumiwa kwa takriban miaka 5, mitatu na timu ya kawaida na iliyobaki na timu ya huduma ndefu, ambayo kazi yake hugharamiwa na makampuni yanayoihitaji.

Canonical nayo haiishi kwa hewa. Hupata fedha kwa kuyauzia makampuni huduma za ziada, ikiwamo kuongeza maisha ya toleo la LTS hadi miaka 10. Huduma hiyo, iitwayo Ubuntu Pro, hutolewa bure kwa mtu binafsi na biashara ndogo kwa kompyuta zisizozidi 5. Mwenye duka moja au ofisi ya chama cha msingi cha ushirika yenye mashine mbili anaweza kujisajili bila kulipa.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, jua toleo ulilonalo. Katika Ubuntu, fungua Mipangilio, nenda sehemu inayoeleza kuhusu mfumo, na usome namba. Kama haina herufi LTS, maisha yake ni miezi 9 tangu ilipotoka.

Pili, kuwa mwangalifu na ndugu za Ubuntu. Toleo la 24.04 linapendekezwa kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya diski ya GB 25. Wenye mashine dhaifu hushauriwa kutumia Xubuntu au Lubuntu, na ushauri huo ni wa haki. Lakini matoleo ya LTS ya ndugu hao huhudumiwa kwa miaka 3, si 5.

Tatu, fahamu kwamba miaka 5 ya Ubuntu inahusu programu za msingi. Kuna maelfu ya programu nyingine katika ghala lake ambazo hutegemea watu wa kujitolea, isipokuwa kwa aliyejisajili na Ubuntu Pro. Kama programu yako ya hesabu imo katika kundi hilo, jisajili.

Nne, chagua wakati wa kuhama kama unavyochagua wakati wa kupanda. LTS mpya hutoka Aprili, na njia ya kuhamia kutoka LTS ya zamani kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Agosti, baada ya marekebisho ya kwanza. Ofisi inayopokea korosho kuanzia Oktoba imalize kuhama kabla msimu haujafunguliwa, au isubiri hadi mnada wa mwisho upite. Katika LTS una miaka mitatu ya kupishana kati ya la zamani na jipya, hivyo hakuna haja ya kukimbizana.

Tano, kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yote kwenye diski ya nje na uifungue katika kompyuta nyingine kuhakikisha yanasomeka. Kama una mashine zaidi ya moja, anza na ile isiyo na daftari la wadaiwa. Jaribu printa na programu ya hesabu kwa wiki mbili, kisha hamisha zilizobaki.

Mwisho, fundi anapokuuzia au kukuwekea mfumo mpya, mwombe akuandikie kwenye risiti jina la mfumo, namba ya toleo, na mwezi ambao huduma itaisha. Anayeijua kazi yake hatashindwa. Kisha andika mwezi huo kwenye karatasi, toa miezi 6 ya maandalizi, na uibandike ukutani kando ya kompyuta, pale zilipo tarehe za leseni ya biashara na kodi ya pango.