Skrini Tatu, Pua Moja ya Ndege

"Fundi, nimenunua splita ya HDMI ya moja kwa tatu. Monita zote zimewaka, lakini zote zinaonyesha pua ya ndege. Nibonyeze wapi ili ya kushoto ionyeshe kushoto?"

Jumamosi iliyopita niliulizwa tena. Safari hii ni kijana aliyekuja na kifaa chenyewe mkononi, kikiwa bado na karatasi yake ya dukani. Kabla yake alikuwa mstaafu mmoja, na kabla ya huyo walikuwa ndugu wawili waliochanga fedha ya miezi kadhaa. Jibu halijabadilika: hakuna pa kubonyeza. Hakuna kwenye Windows, hakuna kwenye Microsoft Flight Simulator, hakuna kwenye X-Plane. Linaloniuma ni kwamba swali huja fedha ikishatoka. Kwa hiyo leo nalijibu kwa wote, na wewe unayesoma mwambie mwenzako kabla hajafika dukani.

Splita ilitengenezwa kwa ajili ya baa inayotaka mechi moja ionekane kwenye televisheni tano, au ukumbi wa harusi ambako waliokaa nyuma nao wanataka kumwona bibi harusi. Inapokea picha moja na kutoa nakala zake. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na inaifanya barabara. Ukinunua nakala tatu za gazeti la leo, hujapata habari za siku tatu.

Sababu iko kwenye namna kompyuta inavyozitambua monita. Unapochomeka monita, hujitambulisha kwa kadi ya picha kwa taarifa fupi iitwayo EDID: mtengenezaji wake, ukubwa wake, na vipimo vya picha inavyoweza kupokea. Kadi huhesabu monita kwa vitambulisho hivyo. Haina jicho la kutazama mezani kwako. Splita ikikaa katikati, kinachofika kwa kadi ni kitambulisho kimoja tu. Kadi inajua ina monita moja, Windows inajua ina monita moja, na simuleta ya ndege nayo inachora kwa ajili ya monita moja. Utaiagizaje kompyuta ipeleke mandhari ya kushoto kwenye monita ambayo haina habari kwamba ipo?

Usiniamini mimi. Fungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, uhesabu visanduku vyenye namba. Ukiona kisanduku kimoja, una skrini moja, hata kama umewasha monita tatu. Jaribio hilo linachukua nusu dakika, na lingewaokoa wengi ninaowajua.

Wengine wakisikia hivyo huanza kubishana. "Hiyo yako ni ya bei rahisi, ipo ya 4K yenye umeme wake." Umeme ule unaipa nguvu ishara ifike mbali bila kukatika, na 4K ni ukubwa wa picha inayonakiliwa. Utapata nakala safi zaidi za pua ile ile. "Basi nibadilishe waya, nitumie wenye ncha za dhahabu." Waya hauna uamuzi wowote katika jambo hili. HDMI kama unavyoitumia nyumbani hubeba mkondo mmoja wa picha kwa monita moja, na mkondo mmoja haugeuki kuwa mitatu kwa sababu umepita kwenye dhahabu. "Basi niongeze programu." Programu itagawa nini, kama kadi imeshapewa taarifa kwamba skrini ni moja?

Halafu kuna hoja moja ambayo nakubali ina chembe ya ukweli, na naamini imani yote hii imeota kutoka hapo: "Nimewahi kuona kwa macho yangu, waya mmoja, skrini tatu, kila moja na picha yake." Inawezekana kabisa uliona. Kampuni ya Matrox ya Kanada iliwahi kuuza kisanduku kiitwacho TripleHead2Go, na wapenzi wa simuleta walikitumia sana. Lakini angalia kilivyofanya kazi. Hakikuiambia kadi, "mimi ni monita ya kawaida." Kiliiambia, "mimi ni monita moja pana mno," yenye upana wa monita tatu zilizopangwa mstari mmoja. Kompyuta ikachora picha moja ndefu kwa kipimo hicho, kisanduku kikaikata vipande vitatu. Kile kilikuwa kikata picha. Splita ni kinakili picha. Kwa sura vinafanana, vyote ni visanduku vidogo vyenye matundu ya waya, na hapo ndipo watu wanapoteza fedha zao.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba splita inakuzuia kuuliza swali lenye maana: unataka kuona nini ukiwa angani?

Chukua kiwanja cha ndege cha Zanzibar, ambacho wengi wetu hukichagua tukianza. Njia yake ya kurukia inaelekea kaskazini na kusini. Unataka kutua ukielekea kaskazini, njia namba 36, kwa mzunguko wa kona za kushoto. Unaruka kuelekea kusini, pwani na bahari vikiwa kuliani kwako na njia ikiwa kushotoni. Ukishaipita, unakata kona kushoto, unaelekea mashariki. Sasa njia unayotaka kutua iko kushoto kwako. Lazima uione hapo, ndipo ujue ukate kona ya mwisho lini. Ukichelewa umeipita, ukiwahi hujaifikia.

Monita ya inchi 27 ina upana wa karibu sentimita 60. Ukikaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, inachukua nyuzi 53 za jicho lako, yaani nyuzi 26 na kidogo kila upande wa pua. Njia ya ndege iko kwenye nyuzi 70 kushoto. Haimo. Ukiweka splita una monita tatu zinazoonyesha nyuzi zile zile 53, na njia haimo hata kwenye moja. Ukiweka monita tatu za kweli, unaona hadi karibu nyuzi 80 kila upande, na njia inaonekana ikisogea polepole kutoka kwenye monita ya kushoto kuja ya katikati kadiri unavyokata kona. Hiyo ndiyo thamani ya monita za pembeni. Rubani anayejifunza hugeuza shingo kutafuta njia, na shingo hiyo ndiyo tunayotaka kuizoesha.

Tatizo la pili watu huliita "kadi mbovu", nalo si la kadi. Ukiunganisha monita tatu kuwa moja pana, kwa NVIDIA Surround au AMD Eyefinity, simuleta nyingi huchora kwa kamera moja, kana kwamba unatazama kupitia kioo kimoja bapa cha dirisha. Kwenye kioo bapa, kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo vitu vinavyovutika kwa upana. Kwenye nyuzi 45 kutoka katikati huvutika mara 2 ya vilivyo katikati, kwenye nyuzi 60 mara 4, na nyuzi 90 haziwezi kuchorwa kabisa. Nyumba zinakuwa ndefu kama treni. Hata kadi ya bei ya gari itachora hivyo hivyo, kwa sababu hiyo ni hesabu ya pembe. Dawa yake ni kamera tatu, kila monita na yake, kila moja ikitazama upande ambao monita imegeuziwa.

Sasa ya kufanya.

Kwanza, hesabu matundu ya picha kwenye kadi yenyewe. Acha yale ya ubao mkuu. Kadi nyingi za mezani za miaka ya karibuni zina matundu matatu au manne, na nyingi za GeForce huendesha hadi monita nne kwa pamoja. Huenda unachohitaji ni waya tu.

Pili, kama tundu la DisplayPort liko moja, nunua kigawio cha MST. Teknolojia hiyo ilikuja na DisplayPort 1.2 mwaka 2010, na hubeba mikondo kadhaa tofauti kwenye waya mmoja. Hakikisha MST imeandikwa kwenye boksi. Kwenye Windows inafanya kazi.

Tatu, adapta za USB zinazotumia DisplayLink ni za ramani na saa za ndege. Usizipe mandhari ya nje. Hubana picha kwa kutumia prosesa, na prosesa yako tayari imelemewa.

Nne, tafuta monita tatu zinazofanana. Pima upana wa kioo na umbali wa jicho lako: gawanya nusu ya upana kwa umbali, tafuta pembe ya tanjenti hiyo, zidisha kwa 2. Pembe unayopata ndiyo mwonekano wa kila monita, na ndiyo unayogeuzia zile za pembeni. Ukiwa na nyuzi 53, kwenye X-Plane 11 au 12 zipe monita 53 kushoto, sifuri katikati, 53 kulia. Fremu zikiwa nene, ongeza kidogo.

Tano, Microsoft Flight Simulator imeruhusu madirisha ya ziada ya mandhari tangu 2022. Kila dirisha ni mandhari nyingine ya kuchora, hivyo anza na moja, tazama kasi ya picha, kisha ongeza. Vioo vya Garmin vya chumba cha rubani vinatoka kwenye dirisha lake ukishika Alt ya kulia na kubofya. Vipeleke kwenye monita ndogo iliyo chini.

Sita, kama bajeti ni ya monita moja, nunua moja nzuri, au televisheni ya 4K ya inchi 43 ikiwa kwenye hali ya michezo, na kifuatilia kichwa. TrackIR ni ya kununua. opentrack ni ya bure na inatumia kamera ya kawaida. Hata mwenye monita tatu anahitaji kifuatilia kichwa. Kabla ya kona ile ya kuelekea mashariki, njia iko nyuma ya bega lako, kwenye nyuzi 135, na monita tatu hazifiki huko.

Yule kijana wa Jumamosi tuliigeuza kompyuta yake tukatazama nyuma. Kadi ilikuwa na tundu moja la HDMI na matatu ya DisplayPort, na yale matatu yalikuwa bado na vifuniko vya plastiki vya kiwandani. Nimemwomba arudi na nyaya mbili na futi ya fundi cherehani. Splita ampe mjomba wake mwenye baa, huko itafanya kazi yake.