Asidi ya yuriki kwa mwenye kisukari: je, tuwalaumu dagaa?

Swali linalotufikia mara kwa mara, kuanzia Kirumba hadi Igoma, ni hili: mtu ana kisukari, amepima damu, akaambiwa asidi ya yuriki iko juu. Sasa aache dagaa?

Asidi hii ni taka inayobaki mwili unapovunja purini, kemikali iliyomo ndani ya seli zetu wenyewe na katika vyakula kama maini, nyama nyekundu, dagaa, hata bia. Karibu theluthi mbili yake hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo zikidhoofika, inabaki kwenye damu. Kwa mwanaume, zaidi ya miligramu 7 kwa desilita huhesabiwa kuwa juu. Kwa mwanamke, zaidi ya 6.

Madaktari waliona zamani kwamba wenye kisukari ambao asidi hii iko juu ndio ambao figo zao huharibika upesi. Je, ikishushwa, figo zitanusurika? Mwaka 2020 yalitoka majibu ya majaribio mawili, moja likiwa la watu 530 wenye kisukari aina ya kwanza, waliotumia alopurinoli au dawa bandia kwa miaka mitatu. Alopurinoli iliishusha asidi kweli, lakini figo ziliendelea kuchoka vilevile.

Wanaoharibu figo kwa uhakika ni sukari na presha zisizodhibitiwa, tena kimyakimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wagonjwa 369 wa kisukari waliohudhuria kliniki Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Zaidi ya 8 kati ya kila 10 walikuwa na ugonjwa wa figo, wengi wao protini ikivuja kwenye mkojo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Sisi hilo linatutisha kuliko asidi yenyewe. Ukienda kliniki, uliza lini ulipimwa protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu. Angalau mara moja kwa mwaka.

Na dagaa? Mwenye gauti, yule anayevimba kidole gumba cha mguu usiku, apunguze. Asiye na gauti hana sababu ya kuacha kitoweo cha bei nafuu akabaki na ugali mwingi unaopandisha sukari. Ambaye figo zimeshaharibika, daktari ndiye atakayempangia kiasi cha protini.

Kidole kikiuma, usikimbilie diklofenaki ya duka la dawa: inaweza kuzimaliza figo ambazo tayari ni dhaifu.