Pika bamia yako kabla hujaipeleka sokoni

Leo tunatoka shambani kidogo tunaingia jikoni. Najua kuna anayesubiri somo la mbolea, litakuja. Lakini mama anayesimama mbele ya fungu lako la bamia hawazi mbolea, anawaza sufuria yake ya jioni. Kama wewe hujui kinachotokea kwenye ile sufuria, utauza kwa kubahatisha.

Vijana wengi wanalima bamia lakini hawaili. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: inateleza. Na mteja anayepita bila kununua naye anasema hivyo hivyo. Sasa mkulima anayejua kupika bamia isiyoteleza anafaidika mara mbili: anapata mboga nzuri ya pembeni nyumbani kwake, na anakuwa na la kumwambia mteja. Tena akiionja mwenyewe, anajua mapema kama alichovuna kinastahili kuuzwa.

Bamia ina nini mwilini

Gramu 100 za bamia mbichi zina maji karibu gramu 90. Kinachobaki ndicho chenye kazi: nyuzilishe kama gramu 3, protini kama gramu 2, vitamini C kama miligramu 23, kalsiamu kama miligramu 80, pamoja na foleti, ile ambayo mama mjamzito anasisitiziwa kliniki. Nguvu yake ni kama kilokalori 33 tu, kwa hiyo ukila bakuli zima pembeni ya ugali au wali hujajaza mafuta mwilini. Ila mafuta unayokaangia yanahesabika, usimimine tu.

Nyuzilishe zake, hasa zile zilizo kwenye ute, husaidia choo kuwa laini na hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Hapo naomba tuelewane. Mtaani watu wanakunywa maji ya bamia wakiamini yanatibu kisukari. Bamia ni chakula kizuri kwa mgonjwa wa kisukari, lakini haichukui nafasi ya dawa aliyopewa hospitali. Na mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, aongee na daktari wake kabla ya kuongeza bamia nyingi, maana ina vitamini K. Usije ukamwambia mteja uongo ili anunue fungu moja.

Utelezi unatoka wapi

Ule ute umo ndani ya tunda tangu shambani. Ukikata tunda unaufungulia njia. Ukiongeza maji unavutika zaidi. Ukifunika sufuria, mvuke unarudi kama maji, na utelezi unazidi. Kwa hiyo anayeosha bamia akiwa ameshaikata, akaichemsha kwenye maji mengi na kufunika, amefanya yote yanayoleta utelezi.

Wanaoupenda mlenda hawana kosa. Dodoma huko mlenda na ugali ni chakula cha heshima, na ute wenyewe hauna madhara. Wasioupenda wanahitaji mambo matatu tu: bamia kavu, moto mkali, na kitu chenye uchachu kama nyanya, ndimu au ukwaju.

Anza na tunda lenyewe

Hakuna mapishi yanayookoa bamia iliyokomaa. Tunda huwa tayari kuvunwa kama siku 4 hadi 6 baada ya ua kufunguka, likiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10 kwa aina nyingi tunazolima, kama Clemson Spineless. Pima hivi: shika ncha ya tunda uivunje. Ikikatika papo hapo, ni laini. Ikipinda bila kukatika, nyuzi zimeshakomaa, na hata ukipika saa nzima mlaji atakuwa anatafuna kamba.

Kuna kijana ataniambia, "Afisa, nikiacha siku mbili zaidi kilo inaongezeka." Ni kweli, tunda moja litakuwa zito. Ila mama aliyetafuna kamba jana, leo ananunua kwa jirani yako. Na mmea wenye matunda yaliyokomaa hupunguza kutoa maua mapya, kwa hiyo umepoteza mteja na mavuno ya mbele kwa pamoja. Vuna kila baada ya siku moja au mbili, asubuhi, kwa kisu kikali, ukiacha kikonyo kifupi. Vaa glavu na mikono mirefu, zile nywele zake zinawasha.

Mapishi: bamia ya kukaanga ya watu wanne

Mahitaji:
- Bamia laini gramu 400
- Kitunguu maji kimoja kikubwa
- Nyanya mbili zilizoiva
- Kitunguu saumu punje mbili
- Mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula
- Nusu ndimu
- Chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili ukipenda

Namna ya kupika:
1. Osha bamia zikiwa nzima. Zifute kwa kitambaa safi au zitandaze mpaka zikauke kabisa. Usiruke hatua hii.
2. Kata vikonyo, kisha kata vipande vya sentimita 2. Vipande vidogo sana vinatoa ute mwingi.
3. Weka vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaangio kipana, moto mkali kiasi. Mafuta yakipata moto, tia bamia zienee, zisirundikane. Usifunike, usitie chumvi bado, maana chumvi inavuta maji.
4. Kaanga dakika 6 hadi 8, ukigeuza mara chache. Ute utaonekana kama nyuzi nyeupe, usiogope, utakauka. Bamia zikianza kupata rangi ya kahawia pembeni, zitoe uweke pembeni.
5. Kwenye kikaangio hicho hicho tia kijiko kilichobaki cha mafuta, kaanga kitunguu mpaka kilainike, weka kitunguu saumu, kisha nyanya. Pika mpaka nyanya ziwe rojo zito na maji yamekauka.
6. Rudisha bamia, tia chumvi na pilipili, changanya taratibu kwa dakika 2 au 3. Epua, kamulia ndimu.

Kula na ugali, wali au chapati, pembeni ya maharage, dagaa au samaki. Ukitaka kuongeza wingi, nyanya chungu au bilinganya vinakubaliana nayo vizuri. Magadi yaache: yanailainisha na kuibakiza kijani, lakini yanaharibu vitamini C na yanaongeza sodiamu. Na ikigeuka nyeusi kidogo kwenye chungu cha chuma, ni rangi tu, inalika.

Swali gumu: ungempikia mwanao?

Hapa ndipo jiko na biashara vinapokutana. Bamia inavunwa mfululizo, na vidukari na funza hawasubiri umalize msimu. Kijana anapuliza dawa Jumatatu, Jumatano anavuna, Alhamisi iko sokoni. Hebu tupige hesabu. Kama lebo ya dawa imeandika siku 7 za kusubiri kabla ya kuvuna, na wewe unavuna kila baada ya siku mbili, basi mavuno ya siku ya 2, ya 4 na ya 6 hayaliwi. Unayachuma ili mmea uendelee kuzaa, halafu unayafukia. Usile, usiuze, usiwape ng'ombe wala kuku. Usidhani kuosha kutamaliza tatizo, maana dawa nyingine hupenya ndani ya tunda, na moto wa jikoni si wa kutegemea.

Mavuno matatu ni hela nyingi, najua. Ndiyo maana nasema kagua shamba mapema, angalau mara mbili kwa wiki, geuza majani uangalie chini yake. Shughulikia wadudu kabla bamia haijaanza kuzaa. Ikibidi kupuliza wakati wa kuvuna, nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, kinachoruhusiwa kwenye zao hili na chenye siku chache za kusubiri, na usome lebo kabla ya kulipa. Andika tarehe ya kupuliza kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Nimeona wakulima wenye matuta mawili yasiyopulizwa "ya kula nyumbani", na shamba lililobaki ni la soko. Ndugu yangu, ukishatenga hivyo, jibu unalo. Mlaji wa mjini naye ana watoto.

Fanya hivi wiki hii

Chukua bamia kutoka kwenye tenga lile lile la kuuza, siyo zile ulizochagua. Zipike kama nilivyoeleza, familia ile. Kama kuna mtu ametema kamba, punguza siku za kuacha tunda shambani. Kama umesita kuweka sahani mezani kwa sababu ya dawa, mzigo ule usitoke.

Ukishapita hapo, nenda sokoni ukiwa na maneno: "Mama, zioshe nzima, zikaushe, usifunike, malizia na ndimu." Sekunde kumi tu. Usizirundike juani, na usizimwagie maji zikakaa na unyevu, zitaanza kuwa nyeusi. Anayenunua mwambie azile ndani ya siku mbili au tatu.

Haya, kazi njema, na mlo mwema.